Weusi Usiosuguliwa

Kambini, 4 Februari

Mke wangu,

Nilifika salama, sasa ni wiki ya tatu, ila mgongo wangu bado uko njiani. Barua hii anakuletea dereva wa lori, yule tunayemwita Posta, maana akija huko kuchukua saruji anapita barabara yenu. Simu ninayo lakini unajua hali yake. Mtandao unashika pale kwenye uzio tu, na pale tunabanana kama kuni, kila mtu anasikia mambo ya mwenzake. Jana mwenzangu wa chumba alimwambia mkewe "nimekukumbuka sana", uzio mzima ukaitikia "na sisi pia". Mimi siwezi. Bora niandike, hata kama mwandiko wangu ni kuku kapita kwenye majivu.

Najua bado umeninunia kwa kile kikaango cha mama yako. Nimekosa. Nilikiona cheusi tii, nikasema moyoni, huyu mwanamke anahangaika na watoto na cherehani, wacha nimfurahishe. Nikakisugua kwa brashi ya waya mpaka nikajiona usoni. Nilitegemea sifa. Wewe ukakaa siku mbili husemi, mayai yakishika chini unanitazama tu. Kusema kweli mpaka leo sijaelewa kikaango kisafi kina ubaya gani. Lakini nimekosa.

Binti yetu aliniuliza siku ninaondoka baba yake anafanya kazi gani hasa, mwalimu anataka waandike. Nilikuwa ninakimbilia basi, nikamjibu "kazi". Mwambie hivi. Kuna ukumbi mrefu, ukisimama mlango huu, mtu wa mlango ule unamwona kama kidole. Ndani kuna matangi yamepangwa safu safu, yamejaa maji ya buluu. Si maji ya kunywa, ni tindikali iliyoyeyusha shaba kutoka kwenye mawe. Ndani ya kila tangi tunaning'iniza mabamba, moja la chuma, moja la risasi (si ya bunduki, ni ile metali nzito), moja la chuma, moja la risasi, kama nguo kwenye kamba. Umeme unaingilia kwenye risasi, unapita majini, na shaba inatoka kwenye yale maji inakwenda kuganda kwenye chuma. Ikishanenepa tunaibandua. Lile bamba la risasi linaitwa anodi. Lenyewe halipati kitu, linapitisha umeme tu na kuota ukoko wa kahawia. Ukoko unaanguka, unakuwa tope chini ya tangi. Baba yake miaka yote hii ni mtu wa huo ukoko: kutoa anodi, kuzikwangua, kuzirudisha, kuzoa tope. Aandike "anodi", mwalimu atashtuka.

Lakini wewe uliniomba nitoke kwenye matangi, nami nikakuahidi. Basi nimetoka. Wamenihamishia stoo. Nakaa kwenye kiti, natoa glavu na buti. Kifua kimetulia.

Mashati yangu matatu nampa Posta. Yashone ukipata nafasi. Hapa yupo fundi, ila mshono wake unashika kama ahadi ya mlevi.

Mumeo

*

Nyumbani, 19 Februari

Baba watoto,

Tumepata barua. Posta amekula hapa, amekula tena, kisha akasema ana haraka.

Binti yako aliandika kama ulivyomwelekeza. Mwalimu akamsimamisha asome mbele ya darasa. Alipofika "anodi" mwalimu akasema hilo neno halipo, binti yako akamjibu "baba yangu analo". Karudi nyumbani amevimba kichwa, hapiti mlangoni. Mdogo wake Bonge naye ameota jino la pili na anataka kulijaribu kwa kila mtu.

Mimi niko kwenye sare za shule, kaptura juu ya kaptura. Nikifumba macho naona kaptura zinatembea zenyewe.

Kikaango usinitajie. Mama yangu alikipikia tangu sijazaliwa, ule weusi aliutengeneza yeye, mafuta na moto, mafuta na moto, mpaka ukawa ngozi. Ulidhani ni uchafu. Sasa nakipaka mafuta nakirudisha motoni kila nikimaliza kupika. Kina mabaka kama mbwa aliyenyonyoka. Siku yai litakapoteleza humo tena nitakuita majina yako yote.

Mashati nimeyapokea, nimeyashona matundu yote. Ninauliza tu: hiyo stoo yenu ina wadudu gani?

Halafu ile habari ya nyumba za familia hapo kazini kwenu. Jibu langu ni lile nililokupa ulipokuwa likizo. Sitafunga cherehani na kuwabeba watoto kuja kukaa pembeni ya mtu anayekohoa mpaka ukuta unaitika. Nilikusikia siku zote zile, ulidhani nimelala. Nikasema ukitoka kwenye ule ukungu wa tindikali, ukatoka kweli, tutazungumza. Sasa unaniambia umetoka. Basi tuzungumze, au siyo?

Mkeo

*

Kambini, 7 Machi

Mke wangu,

Wadudu wa stoo ni panya. Wanapenda pamba. Nimeweka mtego.

Sikiliza habari. Zimekuja anodi mpya! Makreti yameshushwa mlangoni kwetu na kreni, na msimamizi wetu Kengele (sauti yake unaisikia ukiwa umeziba masikio) alikuwa anapiga kelele "polepole, polepole" mpaka mimi mwenyewe nikaogopa kupumua. Nilidhani tutaona kitu kizito. Risasi ya zamani inahitaji winchi na sala. Hii mpya nililiinua bamba moja na mwenzangu kama tunabeba kitanda cha kamba. Ni wavu wa titani, chuma chepesi kisicholiwa na tindikali, umepakwa kitu cheusi. Huo weusi una madini ya thamani ndani yake, jina lake linaanza na iridi, mwisho wake umenishinda. Wanasema ni adimu kuliko dhahabu. Mwenzangu wa chumba akakigusa kidogo akanusa kidole. Nikamuuliza, "Kinanukaje?" Akasema, "Kama mshahara wa mtu mwingine."

Amekuja pia Injinia, dada mmoja mwembamba, anaongea taratibu, halafu Kengele anarudia kwa kupiga kelele. Anasema hizi hazioti ukoko kama risasi wala hazimwagi tope, na zinakula umeme kidogo. Tena kila bamba limekuja na mfuko wake na kifuniko juu, ule ukungu unaopanda majini unanaswa pale pale kabla haujamfikia mtu. Watajaribu safu moja kwanza. Ikikubali, ukumbi mzima utabadilishwa.

Wamechagua watu wanne wa safu mpya. Mmoja ni mimi. Wamenitoa stoo kwa sababu naijua kazi. Na wanne hao ndio wa kwanza kupewa nyumba za familia! Mke wangu, hewa ya ile safu ni kama hewa ya hapo mlangoni kwetu. Funga cherehani.

Mumeo

*

Nyumbani, 15 Machi

Baba watoto,

Panya hutafuna. Akitafuna uzi hubaki na manyoya, na tundu halina umbo. Matundu niliyoshona ni ya duara, madogo kama ncha ya sindano, kingo zake kama zimeungua, na yako mkono wa kulia na tumboni, pale mtu anapoinamia tangi. Umesahau umeoa nani. Mimi ninakula kwa kutazama nguo.

Mashati yale matatu niliyashona yote ulipokuwa likizo, moja baada ya jingine, wewe umekaa karibu yangu unakula karanga. Yaliondoka hapa hayana tundu. Yamerudi chujio. Hukuwahi kukaa kwenye hiyo stoo, hata siku moja.

Ungeniambia "mke wangu, wamekataa kunihamisha" ningelia kidogo, nikaendelea na kaptura. Sasa unaniambia hewa ya safu mpya ni nzuri. Nitaaminije? Mtu aliyenidanganya hewa ya jana anipimie hewa ya kesho?

Siji. Watoto hawajambo.

Mkeo

*

Kambini, 28 Aprili

Mke wangu,

Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na la kusema lililo zuri. Leo sina zuri vilevile, lakini nimechoka kukaa nalo.

Stoo sikuwahi kukaa. Niliomba, Kengele akacheka, akasema wazee wote wanataka stoo, stoo ingekuwa na watu kuliko glavu. Nikaona aibu kukuandikia. Nikasema nitaomba tena, wakati huo wewe uwe na amani. Amani ya uongo, najua.

Safu mpya ni kweli. Mimi kuchaguliwa ni kweli. Ila sasa sijui kama nitabaki.

Injinia alitufundisha kabla hatujaanza. Alisema anodi hizi mkiona vumbi au tope juu yake, suuzeni kwa maji ya bomba, maji tu. Alilirudia hilo "maji tu" mpaka likatuchosha. Mimi nikajisemea, hayo ni maneno ya watu wenye kitu kipya. Mtu akinunua viatu vipya naye anavipitisha mbali na dimbwi, mwezi wa pili anacheza navyo mpira.

Wiki iliyopita wakasema wageni wakubwa wanakuja kuitazama safu yetu. Bamba moja lilikuwa limetolewa likaguliwe, limeegeshwa kwenye stendi yake. Wenzangu wakaenda chai. Nikalitazama. Limepakwa utando wa tope lililobaki tangini tangu enzi za risasi, jeusi, halina sura. Nikasema wageni watadhani sisi wavivu. Brashi yangu ya waya bado ninatembea nayo, mkono bila brashi hauna raha. Nikaanza pembeni. Ikatokea rangi ya kijivu, safi, inang'aa. Moyo ukafurahi. Nikashuka nayo mpaka chini. Nilisugua, mke wangu, kama ninavyosugua siku zote, yaani vizuri.

Bamba likarudishwa tangini. Baada ya siku chache shaba iliyokuwa inaliangalia ikawa ya ajabu, huku nene, huku nyembamba kama kipara. Wakaitoa anodi. Kengele akapiga kelele ambayo nadhani hata wewe uliisikia: "Nani kalitia ukurutu bamba hili?"

Sisi wanne tukatazamana. Kukaa kimya kungewezekana. Hakuna aliyeniona. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni, ile ya matundu, na nikawaza, nikikaa kimya hapa, nitakuwa muongo huku na muongo kule, nitapumzikia wapi? Nikasema, "Ni mimi."

Injinia hakufoka. Afadhali angefoka. Akanivuta karibu na bamba, akaniambia, "Mzee wangu, ulichokitoa si uchafu. Ule weusi ndio anodi yenyewe. Huku chini ni mfupa tu. Umeme unapita kwenye weusi, ambao ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na palipo uchi haupiti kabisa. Umesugua ile kazi yote, ukabakiza kinachong'aa."

Basi pale pale nikaona kikaango. Nakuapia, nilikiona, kimening'inia ukutani kwako na mabaka yake. Nikacheka. Kengele akatoa macho, "Unacheka, wewe?" Injinia akauliza, "Unacheka nini, mzee?"

Nikasema, "Injinia, mke wangu nimemfanyia hivi hivi." Nikamweleza kikaango, mama yako, mayai, yote. Kengele akaanza kutikisika mabega anajifanya anakohoa. Injinia hakucheka. Akauliza tu, "Na yeye alikufanya nini?"

"Alikaa siku mbili hasemi nami."

"Basi mimi nitakaa mpaka Jumatatu," akasema, akaondoka.

Posta anaondoka leo, Jumatatu bado. Huenda nikarudishwa kwenye risasi. Huenda nikarudishwa nyumbani kabisa, na nyumba ya familia apewe mwingine. Nimekuandikia kabla sijajua, ili usiseme nilisubiri mpaka mambo yakae vizuri ndipo nikasema ukweli.

Sasa nimeelewa kikaango kisafi kina ubaya gani.

Mumeo

*

Nyumbani, 9 Mei

Baba watoto,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikamsomea. Sasa tumecheka wawili, na Bonge akacheka kwa kutuona, na cherehani ikakaa bure asubuhi nzima. Binti yako peke yake hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo baba ameharibu anodi?" Nikamjibu ameharibu. Akasema hamwambii mwalimu.

Mimi nilidhani unakidharau kikaango cha mama. Nilidhani umekiona kama mambo ya kizamani ya kwetu, ukaona ukisafishe. Siku mbili zile nilikuwa nanyamaza kwa hilo, siyo kwa mayai. Kumbe ni mkono wako tu, ukishika brashi haujui kusimama. Ungenieleza. Ningekueleza. Tumekaa chumba kimoja kila mtu na lake.

Lakini lile la stoo sijasamehe. Kukucheka ni jambo moja, kukusamehe ni jingine, usiyachanganye.

Sasa sikiliza. Kama Injinia amekurudisha kwenye risasi, uje nyumbani. Sikutanii. Tutaishi kwa kaptura. Kama amekuacha safu mpya, basi ndani ya mfuko huu kuna shati. Nimelishona kwa kitambaa chepesi kuliko vyote dukani, kile cha bitana, cheupe. Mate ya tindikali yakiligusa tu litasema. Livae kazini, kila siku, tena juu, lionekane. Lifue kwa mkono mwepesi. Posta akipita tena mpe aniletee. Usiniandikie hewa ikoje. Maneno yako nimeyapumzisha kwanza. Nitalisoma shati.

Nawe usije ukalifungia sandukuni.

Mkeo

*

Kambini, 30 Juni

Mke wangu,

Jumatatu ilifika. Injinia aliniita na bamba langu limefungwa kwenye kreti. Nikajua tunaondoka wote. Akaniambia bamba linarudi kiwandani kwa waliolitengeneza. Ule mfupa wa titani ni mzima, haujapata kitu, watausafisha wao kwa njia yao wanayoijua, kisha wataupaka weusi upya. Anodi hizi zimetengenezwa hivyo, weusi ukichakaa baada ya miaka unapakwa tena, mfupa ni ule ule. "Yako imechakaa mapema tu," akasema. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe utabaki. Watakapokuja watu wapya utasimama mbele yao uwaambie maji tu, na uwaambie kwa nini."

Basi sasa mimi ni mwalimu, mwambie binti yetu. Kila anayeingia safu mpya lazima anisikilize. Naanzia kwenye kikaango, hapo wanaelewa wote. Jina langu la kambini ni Brashi. Hata mpishi ananiita hivyo. Brashi yenyewe nilimpa Kengele, ameitundika ofisini kwake ukutani. Mkono uliniwasha wiki nzima. Sasa nashika mpira wa maji, nasuuza, natazama. Kazi ya kutazama ni ngumu kuliko kukwangua, usidhani. Lakini jioni mgongo unakuja nami chumbani, hauji baadaye.

Shati. Nimelivaa kama ulivyosema, juu ya ovaroli, jeupe, katikati ya ukumbi. Siku ya kwanza Kengele alisimamisha kazi. "Bwana harusi! Bibi harusi yuko wapi?" Nikamjibu, "Anakuja akiridhika na shati." Siku ya pili wakanipigia vigelegele. Baadaye wakazoea, na mmoja wa safu ya risasi akaniuliza kwa siri kama mke wangu anaweza kumshonea na yeye, ajue anavuta nini.

Sasa linakuja. Sitakuandikia hewa ikoje, umenikataza. Nitakueleza matundu tu. Mkono wa kushoto utaona mengi. Pampu ya safu za zamani iliharibika, tukaitwa wote kusaidia, nikashinda huko kutwa. Mwenzangu wa chumba aliyaona akasema, "Kata huo mkono, mwambie ulinasa kwenye msumari. Mke hajui msumari?" Nikamwambia, "Wangu anaujua msumari kwa jina." Nimeuacha. Kuna jingine karibu na kola, peke yake. Hilo sijui limetoka wapi. Huenda ni la safu mpya. Siwezi kukuambia si la safu mpya.

Kikohozi kipo asubuhi, kinaniamsha kabla ya king'ora. Zamani kilikuwa hakinilazi.

Nyumba wamenionyesha. Vyumba viwili na jiko, iko juu ya kilima, upepo unatoka huko unashuka kiwandani, hautoki kiwandani kupanda. Injinia anakaa mlango wa tatu na mama yake. Dirisha la chumba cha mbele linaangalia asubuhi. Nimepima chini yake kwa mkono, cherehani inaingia na kiti chako, na Bonge anapata nafasi ya kukaa akichezea vifungo. Shule unaiona ukiwa mlangoni. Nilikaa sakafuni peke yangu pale, nimeegemea ukuta, sikuwa na la kufanya, nikakaa tu. Nilikuwa na raha, mke wangu. Sijui niliandikeje hilo.

Ufunguo ninao. Ukisema siji, nitaurudisha, mkataba ukiisha narudi kwenye kaptura. Sitanuna.

Mumeo

*

Nyumbani, 12 Julai

Baba watoto,

Posta alinipa mfuko, akasimama anasubiri nifungue. Nikampa chakula aende kukaa mbali.

Nililitundika shati dirishani, jua likapita ndani yake. Nikalisoma kama ninavyosoma nguo ya mteja, kuanzia kola. Kola imeliwa na jasho, na jasho lako ninalijua. Mabega yamechakaa pale mpira wa maji unapolala. Kwa hiyo umelivaa. Tumboni hakuna kitu. Mkono wa kulia, ambao zamani ulikuwa wavu, hakuna kitu. Mkono wa kushoto ni kama ulivyosema. Na lile la karibu na kola, wala usiumize kichwa. Si tindikali. Ni sindano yangu, nilianza kifungo mahali pabaya nikakihamisha. Nililiacha nikisema, nione atalitolea maelezo gani.

Umesema hujui.

Kama shati hili lingekuja jeupe, halina hata doa, ningelikunja nikaliweka kabatini, na wewe ungekaa na ufunguo wako. Ningejua limelala sandukuni. Matundu yake nimeyashona yote kabla chai yangu haijapoa. Yale matatu ya mwanzo yalinichukua siku.

Sare za shule nimewapa wateja wenyewe. Zilizobaki nimemwachia jirani, amesema atazimaliza na kunisema. Nimemwambia mwalimu binti anahama. Akasema atamkumbuka, kisha akauliza anodi maana yake nini hasa. Binti yako amemweleza ubaoni, na mchoro, na weusi ameupaka kwa mkaa.

Cherehani nitakuja nayo mwenyewe, simwamini Posta kwenye mashimo. Yeye nimempa kitu kimoja tu akitangulize. Kimefungwa ndani ya shati lako, usilifungue haraka ukakiangusha. Kimekuwa cheusi tena, chote, mabaka hayaonekani. Jana nilikaanga yai, likateleza kama linanikimbia. Nilikuita majina yako yote, watoto wakacheka.

Kitundike kwenye jiko la nyumba ile, mahali nitakapokiona nikiingia. Kikipata vumbi kabla hatujafika, maji tu.

Mkeo